MADEREVA WA BARABARA YA ZAMBIA NA DAFTARI LETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Birongo)



Twawashukuru kwa kuja siku ya mapumziko, maana twajua wengine wenu mmerudi jana usiku kutoka Mombasa na macho bado yana usingizi. Hatutawachosha. Tawi limetutaka tueleze habari za madereva wa kwanza wa safari ndefu, kisha tuseme neno juu ya daftari la safari, ambalo mtalipigia kura leo. Mtaona wenyewe kwamba mambo haya mawili ni jambo moja.

Hapa Birongo hakuna asiyelijua lori. Majani ya chai huenda kiwandani kwa lori, ndizi huenda Nairobi kwa lori, na chai iliyokwisha tengenezwa huteremka kwa lori mpaka Mombasa kwenye mnada. Mtoto aweza kudhani kwamba ilikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Zamani mzigo wa Kisii ulichukuliwa kwa motokaa mpaka Kendu Bay tu, ukapakiwa melini kuvuka ziwa mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu ukashikwa na reli. Serikali ya kikoloni ilitaka iwe hivyo. Reli ilikuwa mali yake, nayo haikupenda kuona malori yakiinyang'anya mizigo. Kwa hiyo mwaka 1937 ilitunga sheria ya leseni za uchukuzi, na mwenye lori hakuweza kubeba mizigo ya watu kwa safari ndefu bila kibali. Hata barabara ya Mombasa na Nairobi haikumalizika kutiwa lami ila mwishoni mwa miaka ya 1960.

Basi, ndugu zetu, safari ndefu ya lori ilichelewa kwetu Afrika ya Mashariki. Na jaribio lake kubwa la kwanza halikuanzia Mombasa. Lilianzia Dar es Salaam.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru, yaani uhuru wa wachache kuwatawala wengi. Mwezi uliofuata Uingereza ikakataza mafuta yasiingie Rhodesia. Sasa itazameni ramani. Zambia haina bahari. Petroli yake ilipita Rhodesia, na shaba yake, karibu tani 700,000 kwa mwaka, ilitoka kwa reli ya Rhodesia. Smith naye akaizuilia Zambia mafuta. Nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kupata uhuru ikakabwa koo.

Yaliletwa madege kuchukua mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, lakini mzigo wa ndege ni mdogo na gharama yake ni kubwa. Iliyobaki ilikuwa barabara. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lusaka ni karibu kilomita 1,900, kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya na mpaka wa Tunduma. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi vumbi lilikuwa kama ukungu, na wakati wa masika matope yalimeza magurudumu. Wazungu waliiita Njia ya Jahanamu.

Tufikirie kazi yenyewe, maana sisi twaijua kazi. Pipa moja la lita 200 likijaa petroli lina uzito unaozidi kilo 160. Weka mapipa kama hayo yakiwa yamepangwa nyuma yako, kisha uingie barabara yenye mikunjo kama bati. Kamba hulegea, pipa husuguana na pipa, na bati likitoboka petroli huvuja juu ya chuma chenye moto. Halafu ufike Kitonga, ule mlima wenye kona kati ya Mikumi na Iringa. Dereva mwenye akili alitumia gia ya chini na kumtuma utingo, ambaye sisi hapa twamwita tanboi, akae tayari na kigingi cha kuzuia gurudumu. Tusimsahau huyo utingo. Hakuna dereva aliyevuka Kitonga peke yake.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitaliano ya Intersomer, zilianzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaletwa kwa mamia. Yalikwenda na mafuta na bidhaa, yakarudi na shaba ya kupakiwa melini. Hivyo Zambia haikufa, na Smith hakupata alichokitaka. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliovaa kaptura zenye mafuta, waliolala chini ya malori yao.

Kisha likaja lililokuja. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kupeleka mafuta mpaka Ndola. Barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Mambo haya yote ni mema, nasi hatuyalaumu. Lakini twauliza: mabomba yana historia, reli ina historia, wakubwa waliokata utepe wana picha ukutani. Madereva je? Majina yao hayamo katika vitabu tulivyosoma. Waliokufa njiani hatukuona wamehesabiwa.

Tazameni wenzetu wa Ulaya. Mwaka 1964 Waingereza wawili, Bob Paul na Michael Woodman, walipeleka lori kutoka Uingereza mpaka Kabul, Afghanistan. Safari hiyo ilifungua njia ya malori ya Ulaya kwenda nchi za Kiarabu na Uajemi. Madereva wa njia ile waliteseka pia: theluji ya milima ya Uturuki, siku nyingi za kungoja mipakani, chakula cha kupika kando ya gurudumu. Lakini habari zao ziliandikwa, na mwaka 1977 BBC iliwaonyesha watazamaji safari ya malori ya kwenda Doha. Tena mambo hayakuishia kwenye sifa. Mwaka 1969 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipitisha kanuni za saa za kuendesha, na baadaye ikalazimishwa kufungwa ndani ya lori chombo kinachoandika mwendo na saa. Mashine ile humtazama dereva, ni kweli, lakini humtazama tajiri pia. Tajiri hawezi kusema dereva alilala hali karatasi inaonyesha kwamba aliendesha usiku kucha.

Mwaka 1979 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba namba 153: kuendesha kusizidi saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa juma, na dereva asipitishe saa 4 mfululizo bila kupumzika. Hapa kwetu Kenya, sheria ya barabarani iliyorekebishwa mwaka 2012 yasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Inueni mkono ninyi ambao juma lililopita hamkuzidisha saa 8.

Twaona mikono ni michache. Basi sheria tunayo, lakini ushahidi hatuna.

Na tusidhani kwamba habari ya Zambia ni ya zamani tu. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, watu wote waliambiwa wakae nyumbani. Dereva wa lori aliambiwa aende. Uganda, Rwanda na Kongo hazikuweza kuishi bila mafuta, dawa na unga. Kule Malaba foleni ilifika makumi ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya kupimwa, na katika miji ya njiani watu waliwakimbia kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Wapo humu ndani waliolala garini siku baada ya siku bila maji ya kuoga. Waliporudi na kudai posho ya siku zile, baadhi yao waliulizwa na matajiri wao: "Una ushahidi gani kwamba ulikuwa kwenye foleni? Pengine ulikuwa kwa ndugu zako." Wengine walilipwa nusu. Wengine hawakulipwa kitu.

Hilo ndilo tunalotaka mlitie moyoni. Taifa likibanwa humwita dereva, na akiisha kulitoa shidani humsahau. Ilikuwa hivyo mwaka 1966, ikawa hivyo mwaka 2020, na itakuwa hivyo tena tusipoandika.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi yaleta shauri hili:

1. Kila dereva na kila tanboi awe na daftari dogo la safari, lenye jina lake na namba ya gari.

2. Kila siku aandike saa ya kuondoka, saa ya kusimama, mahali, na sababu ya kusimama: foleni, mizani, matengenezo au usingizi.

3. Aandike posho aliyopewa na siku aliyopewa.

4. Mwisho wa mwezi katibu wa tawi ayaone madaftari na kuyaweka pamoja, ili tukienda mbele ya waajiri tuwe na hesabu, si malalamiko.

Wengine wamesema tajiri atawaona wakorofi. Twajibu: akiwa na daftari mtu mmoja, ataitwa mkorofi. Wakiwa nalo watu mia, utaitwa utaratibu. Wengine wamesema hawana mkono wa kuandika. Basi tanboi wako aliyesoma na akuandikie, nawe mfundishe gia. Wengine wamesema ni kazi juu ya kazi. Ni kweli, ni dakika tano kila jioni. Yule aliyepoteza posho ya siku tisa Malaba angezitoa dakika hizo kwa furaha.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Saa zako ni mali. Usingizi wako ni mali. Maisha yako ni mali kupita shaba yote ya Zambia.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba shauri lipigiwe kura kabla wanaopakia mizigo ya jioni hawajaondoka. Umoja ni nguvu.