HOTUBA JUU YA KUHIFADHI NGUZO ZA NYUMBA ZISIOZE ARDHINI

(Iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Majengo, Nairobi)



Halmashauri imetutaka tuseme mbele yenu juu ya nguzo za nyumba. Huenda wengine wakaona kuwa jambo hili ni dogo mno, lisilostahili kuwekwa katika kijitabu kimoja na hesabu za fedha za mazishi na za karo za watoto. Lakini nyumba ya Majengo ni mali ya mwenyewe, na mara nyingi ndiyo mali yake ya pekee. Nyumba zile za kale zilizosalia zimesimama juu ya miti iliyotiwa ardhini, na miti hiyo, mtu hapendi kuitazama mpaka ukuta uiname.

Wazee wanayajua haya kuliko sisi. Katika miaka ya mwanzo ya 1920, serikali ya mji ilipoanza kugawa viwanja vya Pumwani, watu walitakiwa watoke katika vijiji vya Waafrika vilivyotangulia, wakajenge huku kwa mikono yao na kwa fedha zao. Pangani ilibakia kwa muda, kisha nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Waliojenga hapa walijenga kwa mtindo wa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakakandika udongo, na juu wakaezeka debe zilizokunjuliwa. Wala si wachache miongoni mwao waliokuwa wanawake, waliojenga kwa jasho lao wenyewe. Kiwanja hakikuwa chao, walikilipia kodi. Kilichokuwa chao ni miti, udongo na bati. Basi mti ulipooza, palipotea kitu ambacho hapakuwa na ardhi ya kukifidia.

Na sasa tuje katika mambo yenyewe.

Watu wengi hudhani kuwa nguzo huanza kuoza chini kabisa, katika ncha iliyo shimoni. Ing'oeni nguzo ya zamani mkaitazame. Aghalabu mtaona kuwa sehemu ya chini ina nguvu bado, na sehemu ya juu ni nzima kabisa. Lakini pale katikati, ardhi inapokutana na hewa, mti umekonda kama shingo, na mkiuchokoa kwa msumari unamomonyoka kama mkate mkavu. Kinachoozesha mti si maji peke yake. Ni kuvu, kiumbe cha jamii ya uyoga, ambacho nyuzi zake hupenya ndani ya mti na kuula. Kuvu haitaki maji tu. Yataka hewa na joto pia. Mti mkavu, ambao maji yake hayafiki sehemu 20 katika kila sehemu 100 za uzito wake, hauozi. Na mti uliozama kabisa katika tope au maji, pasipo na hewa, nao hukaa miaka mingi sana. Mji wa Venice, katika nchi ya Italia, umejengwa juu ya magogo yaliyopigiliwa topeni, na mengi katika hayo yamedumu kwa karne kadha. Lakini tangu inchi chache juu ya uso wa ardhi hata kadiri ya futi moja chini yake, kuvu hupata vyote inavyovitaka. Mchwa nao hupenda kuingilia papo hapo, maana mti uliolainishwa na unyevu ni rahisi kwao kuutafuna.

Ardhi yetu huzidisha taabu. Upande huu wa mji una udongo mweusi unaoshika maji. Wakati wa mvua hufura. Wakati wa jua la Januari na Februari hukauka ukapasuka, na mpasuko mara nyingi hupita kando ya nguzo. Masika yanapoingia mwezi wa Machi, maji ya kwanza hushukia katika ufa huo moja kwa moja mpaka kwenye mti, na hayatoki tena upesi.

Liko jambo jingine ambalo hatukulisoma katika kitabu chochote, bali tumeliona katika vichochoro vyetu. Ardhi ya nje imepanda. Miaka kwa miaka taka zimetupwa na kukanyagwa, njia zimemwagwa kifusi, majivu yamezolewa jikoni na kutupwa ukutani. Ziko nyumba ambazo zamani mtu alipanda hatua moja kuingia ndani, leo hushuka. Maana yake ni kwamba nguzo ambayo fundi aliizika futi 2, leo imezikwa futi 3 au zaidi. Kama fundi yule aliipaka dawa sehemu ya chini, sasa mstari wa kuozea umepanda juu ya dawa yake, na umefika katika mti usio na kinga yoyote. Hatuna dawa ya dukani inayofaa kuliko jembe katika jambo hili. Udongo uliolundikana ukutani uondolewe, mpaka uso wa ardhi ya nje uwe chini ya sakafu ya ndani, na uinamishwe maji yapate kukimbia mbali na ukuta.

Katika masika ya 2024, mito ya Nairobi ilipofurika, kila mtu aliutazama mto. Ilikuwa haki, kwani watu walipoteza roho zao na nyumba zao. Lakini nguzo nyingi haziozeshwi na mafuriko ya siku mbili. Huozeshwa na ndoo ya maji ya kufulia inayomwagwa pale pale kila asubuhi, na bafu ya uani isiyokuwa na mfereji, na bomba linalovuja mwaka mzima hata katika mwezi wa jua kali. Mvua ina majira yake, na baada yake mti hupata nafasi ya kukauka. Bafu haina majira. Tulipozungukia nyumba kadha, tuliona tena na tena kuwa nguzo mbovu kuliko zote haikuwa ile ya mbele inayopigwa na mvua, bali ile ya nyuma iliyo jirani na bafu. Mpangaji hajali, na mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele. Mtatusamehe kwa kusema hivyo.

Twapenda pia kusema neno juu ya kupiga lipu ya saruji juu ya kuta za udongo. Tunafahamu kwa nini watu hufanya hivyo: nyumba hupendeza, na kuta hazimomonyoki kwa mvua. Walakini udongo huvuta unyevu kutoka chini na kuupumua nje, na saruji huuzuia usitoke. Nguzo iliyo ndani ya ukuta kama huo hukaa na maji kama mtoto aliyevikwa nguo mbichi, na kwa kuwa lipu imeifunika, hakuna anayeiona ikioza. Mwenye lipu asiibomoe kwa haraka. Lakini aikate sehemu ya chini, kadiri ya futi moja kutoka ardhini, aone hali ya miti yake, kisha apazibe kwa udongo au chokaa.

Sasa juu ya dawa. Wengi hupaka mafuta machafu ya gari. Ni rahisi, hupatikana katika kila gereji, na mti hugeuka mweusi ukaonekana kama uliotiwa dawa ya kweli. Lakini mafuta hayo hupenya kidogo tu, na baada ya mvua chache hayana nguvu. Isitoshe yana sumu, na hutiwa katika ardhi ambayo kuku hupekua na watoto huchezea. Wengine huuchoma mti kwa moto mpaka uwe na ngozi ya mkaa. Desturi hiyo ni ya kale, na mkaa wenyewe hauozi. Tatizo ni kwamba mkaa hupasuka, na maji hupita katika nyufa zake mpaka kwenye mti mzima ulio ndani. Hatuwakatazi, ila msiitegemee peke yake.

Dawa za kweli huingizwa ndani ya mti kwa nguvu. Katika mwaka 1838 Mwingereza aitwaye John Bethell alipata hati ya njia ya kusukuma kreosoti, yaani mafuta ya lami ya makaa ya mawe, ndani ya mti uliofungiwa katika tangi la chuma. Katika 1933 Mhindi aitwaye Sonti Kamesan alivumbua dawa nyingine, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo za mkaratusi zenye rangi ya kijani mnazoziona zikichukua nyaya za umeme zimetiwa dawa ya namna hiyo. Mwenye uwezo na anunue nguzo iliyotiwa dawa kiwandani. Lakini twaomba sana, na hili mlifikishe majumbani: vipande vinavyobaki visitiwe jikoni. Aseniki ni sumu kali, nayo hutoka katika moshi na kubaki katika majivu. Vilevile nguzo ikishakatwa, kichwa kipya kilichokatwa kisiwekwe ardhini, kwa sababu dawa haifiki katikati ya mti. Upande uliotoka kiwandani ndio uende chini.

Asiyeweza kununua na achague mti kwa akili. Moyo wa mutarakwa hustahimili kuvu na mchwa muda mrefu. Lakini mti mweupe wa nje, hata wa mutarakwa, huoza upesi kama mti mwingine. Boriti za mikoko kutoka pwani zina sifa njema, na katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimechukua dari kwa vizazi vingi. Hata hizo, mafundi wa huko hukuta zimeoza katika ncha zilizoingia ndani ya ukuta wenye unyevu. Mkaratusi mchanga usiotiwa dawa haufai kuzikwa kabisa, ijapokuwa ndio unaouzwa kwa wingi.

Na kama mtu anasimamisha nguzo mpya, sisi twashauri asiizike. Aijenge nguzo fupi ya mawe au zege, itokeze juu ya ardhi kwa inchi 6 au zaidi, na juu yake aweke kipande cha lami au plastiki nzito, kisha mti usimame hapo, umeshikwa kwa chuma. Katika nchi ya Norwei yako makanisa ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 12. Yale yaliyotangulia, ambayo nguzo zake zilichimbiwa ardhini, yalioza yakatoweka. Haya yaliyoinuliwa juu ya mawe ndiyo yaliyosalia. Faida nyingine ni kwamba mchwa wakitaka kupanda hawana budi kujenga njia yao ya udongo juu ya jiwe, na mwenye nyumba akipita na ufagio huiona.

Ikiwa lazima kuzika, kwa mfano nguzo ya ua au ya lango, basi mti umenywe ganda, ukaushwe kivulini miezi kadha, na shimo litiwe kokoto chini ili maji yapate pa kushukia. Kosa tunaloliona kila mahali ni kumwaga zege chini ya nguzo na kuizunguka yote, kama yai ndani ya kikombe. Mti ukikauka hunywea, nafasi hubaki kati yake na zege, maji huingia humo na hayana njia ya kutoka. Zege ikitumiwa, iwe kando tu, chini pabaki kokoto, na juu iinuke kidogo kupita ardhi na kuteremka kila upande.

Nguzo iliyokwisha kuoza shingoni haihitaji nyumba nzima kubomolewa. Fundi hutegemeza mwamba kwanza kwa miti miwili imara, hukata sehemu iliyooza mpaka afike kwenye mti mzima unaolia vizuri ukigongwa, kisha hujenga jiwe au zege chini yake. Nguzo moja ikishikwa barabara ndipo aende ya pili. Asikubali mtu yeyote kukatiwa nguzo mbili za upande mmoja kwa siku moja ati ili kupunguza ujira. Ukuta wa udongo ni mzito sana, na wapangaji hulala nyuma yake. Tena, ukuta ukishaanguka, mwenye nyumba hatengenezi tena bali anajenga, na kujenga kwataka ramani na kibali cha serikali ya kaunti, na fedha ambazo mama mzee anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu hatazipata.

Kwa hiyo Halmashauri imekubali kwamba vijana wa chama wapite kila nyumba ya mwanachama katika mwezi wa Februari, kabla ya masika, wakiwa na nyundo na msumari wa inchi 6. Watachokoa kila nguzo mahali inapoingia ardhini, na msumari ukizama bila kupigwa, wataitia alama ya chokaa. Nyumba zilizo jirani na bafu za pamoja zitatazamwa kwanza. Wenye nyumba wasiokuwa na vijana wa kuchimba mifereji na wampe karani majina yao leo kabla ya kutoka ukumbini, na wale wenye majembe ya kuazimisha, nao wampe yao.