Kiongozi wa Mtaa na Saa Zake: Lipi Lianze, Lipi Lingoje?

Hotuba kwa wazee wa mitaa na viongozi wa vikundi vya wakaazi, Industrial Area, Nairobi



Kiongozi wa mtaa katika Viwandani, Mukuru kwa Reuben au Mukuru kwa Njenga hana ofisi wala karani. Alfajiri, barabara ya Lunga Lunga ikijaa watu wanaokwenda kwenye malango ya viwanda, mara nyingi naye yumo njiani kwenda kutafuta riziki. Kabla hajafika kazini simu imeshaita mara tatu: mpangaji amefungiwa nyumba, maji yamekatika, kuna msiba na mchango unatakiwa leo. Jioni anakuta watu wanamngoja mlangoni. Analala amechoka, na mtaro ulioziba bado umeziba.

Huyo si mvivu. Tatizo ni kwamba jambo la haraka hupiga kelele, ilhali jambo la maana hunyamaza. Aliyefungiwa nyumba atabisha hodi hata saa sita usiku. Mtaro uliojaa takataka haubishi hodi mpaka siku ya mvua, na siku hiyo huingia ndani bila hodi.

Eneo hili linajua gharama ya jambo linaloahirishwa. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba katika kijiji cha Sinai, ikaingia kwenye mtaro, na watu wakaja na madebe kuichota. Moto ukawaka. Watu wapatao 100 walipoteza maisha. Suala la nyumba zilizojengwa kwenye njia ya bomba lilikuwa limezungumzwa kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Mwezi Aprili 2024, mafuriko yalipokumba Nairobi, wakaazi wa kando ya Mto Ngong huko Mukuru walikuwa miongoni mwa waliopoteza makao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiongozi, kuziba ufa ni kuutengea ufa huo saa yake.

Basi afanyeje? Kwanza, apime kwa swali moja. Jumapili jioni aandike kwenye daftari kazi zote zinazomngoja, kisha kwa kila moja ajiulize: likingoja wiki moja, nani ataumia? Waya wa stima uliolegea juu ya mabati na harufu ya mafuta mtaroni havingoji hata saa moja: watu waondolewe hapo na taarifa ipelekwe mara moja kwa wahusika. Ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo unaweza kungoja Jumamosi, na hakuna atakayeumia.

Pili, jambo la maana lipewe siku na saa, na watu watangaziwe. Kwa mfano, kila Jumanne, saa moja hadi saa mbili usiku, ni muda wa mitaro, taa na usalama wa moto. Saa hiyo kesi za kawaida hazisikilizwi. Mwanzoni baadhi ya watu watanung'unika, lakini watazoea, kama walivyozoea kwamba zahanati ina saa zake.

Tatu, kazi igawanywe. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, kulikuwa na zaidi ya kaya 100,000 za kushirikishwa. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuzungumza na kaya zote hizo. Wakaazi walijipanga katika vikundi vidogo vya kaya kama kumi, na vikundi hivyo vikaunganishwa kuwa vikubwa zaidi. Njia hiyo ingali inafaa. Kesi ya maji ya plotini imalizwe na mwakilishi wa nyumba kumi, na imfikie mzee ikishindikana tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, kiongozi ajue tarehe ambazo hazimngoji mtu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtaa unaotaka mtaro mpya au taa za barabarani upeleke ombi lake kwenye vikao vya maoni ya umma kabla ya tarehe hizo. Ombi linaloletwa Julai hukuta fedha zimeshagawiwa, na wakaazi huvuka msimu mwingine wa mvua kwenye matope yaleyale. Mvua za masika nazo huanza Machi, kwa hiyo mwezi wa kuzibua mitaro ni Februari.

Kuna wanaohofia kwamba kiongozi akisema "njoo Jumamosi" ataonekana ana maringo. Heshima ya kiongozi haiko katika kupokea kila simu. Iko katika kukuta mtaro umezibuliwa mvua inapofika, na njia ya gari la zimamoto ikiwa haijajengwa kibanda.

Jumapili hii jioni, kila kiongozi achukue daftari na kuandika jambo moja ambalo limenyamaza kwa muda mrefu katika mtaa wake. Kando yake aandike siku, saa, na jina la mtu atakayesaidia. Jumatatu simu ikianza kuita, jambo hilo litakuwa limeshapata nafasi yake.