Picha ya Setilaiti Haijui Shamba la Nani

Hii ni hotuba fupi niliyowatolea vijana wenzangu hapa Kinango. Naiweka kwenye uzi kwa sababu mjadala wa ardhi ukipamba moto tu, mtu huchomoa simu: "Si muone wenyewe, setilaiti haidanganyi!"

1. Jamani, kupata picha si kazi tena. Sentinel-2, ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, picha zake ni za bure mtandaoni. Unajisajili, unachagua eneo na tarehe, basi. Picha za Landsat za Marekani zinarudi nyuma hadi 1972.

2. Sasa, nukta moja ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Nyumba ndogo ya udongo huingia yote ndani ya nukta moja. Na wakati wa masika unaweza kupewa mawingu matupu.

3. Ule mstari wa mpaka kwenye simu haukupigwa picha. Umechorwa juu yake. Chukua mzozo wa Mackinnon Road, kati ya Kwale na Taita Taveta. Kutoka juu utaona reli, barabara kuu na mabati. Kaunti huioni. Kubadilisha mpaka wa kaunti, Kifungu cha 188 cha Katiba ya 2010 kinataka pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili Bunge la Taifa na theluthi mbili Seneti.

4. Neno la kuogopa ni "tupu". Kiangazi, mifugo ikiwa imehamishwa, malisho yetu yanaonekana hayana mwenyewe. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatambua ardhi ya jamii hata isiyosajiliwa. Kaunti huishikilia kwa niaba ya jamii, si kwa kuigawa itakavyo.

5. Kwani picha haina faida? Inayo. Mtu akidai bwawa la mifugo lilichimbwa, linganisha picha za kabla na baada. Hapo setilaiti ni shahidi mzuri. Mpaka nao unataka ramani ya mpima ardhi, wazee, na majirani wa pande zote mbili wautembee kwa miguu.

6. Kwa hivyo mkionyeshwa simu mkutanoni, ulizeni: picha ni ya lini? Mstari kauchora nani? Na wenye malisho waliulizwa?