Amri ya Kufukuzwa Nchini Hujibiwa Mahakamani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa Lodwar na Kakuma



Sisi watu wa reli tumetoka mbali. Reli haikufika Turkana. Mwisho wake ni Kitale, na kutoka hapo ni barabara tu. Lakini shida ya mfanyakazi haingoji reli. Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja. Mtu alifungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi kazini. Kisha analetewa karatasi ya kumwambia atoke katika nchi kwa sababu ya kosa lile lile. Afanye nini? Jibu letu ni fupi: asitoroke, wala asinyamaze. Aijibu karatasi ile mahakamani, na aijibu mapema.

Jambo hili si geni katika vyama vya wafanyakazi, na Turkana inalijua kupita wilaya nyingi. Makhan Singh, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi katika reli, alikamatwa India mwaka 1940 akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Aliporudi Kenya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilimtaka aondoke. Alikataa, akaenda mahakamani, na serikali ikashindwa kumtoa. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaanzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Lakini mwaka ule ule wakoloni walitunga sheria mpya ya kufukuza watu. Mei 1950 alikamatwa, akapelekwa mbele ya Jaji Thacker kule Nyeri, kisha akaletwa Lokitaung, hapa hapa Turkana. Hakupata uhuru wake mpaka Oktoba 1961.

Thacker huyo huyo ndiye aliyewahukumu watu sita wa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, na Kubai alikuwa mmoja wao. Walikata rufani. Julai 1953 Mahakama Kuu ilisema Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi katika wilaya ile, ikaitengua hukumu. Baadaye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikairudisha. Januari 1954 Achieng Oneko alishinda rufani yake, na bado hakuachiliwa. Naye Jomo Kenyatta, alipomaliza kifungo chake mwaka 1959, hakupelekwa nyumbani kwake. Aliletwa hapa Lodwar kwa amri nyingine, akae chini ya ulinzi.

Ndugu, tunayakumbusha mambo haya kwa sababu yanaonyesha ubaya wenyewe ulipo. Mtu akishapewa hukumu na akaitumikia, deni lake limelipwa. Akiletewa adhabu ya pili bila kusikilizwa, hiyo si hukumu tena, ni nguvu tu. Zamani nguvu hiyo ilikuwa na sheria ya kuisaidia. Leo sheria inaidai nguvu hiyo sababu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inasema mtu ambaye haki yake itaguswa vibaya na uamuzi wa ofisi ya serikali apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 50 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa usawa, na mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Maneno haya hayakuandikwa kwa Mkenya peke yake. Na mahakama zimeyatumia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitengua agizo la kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwarudisha kambini, kesi iliyoletwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Februari 2017 Jaji John Mativo alibatilisha agizo la kufunga kambi ya Dadaab na kuwarudisha watu kwao.

Sasa tuje Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, na vijana waliokuja kwa miguu kutoka Sudan walikuwa kati ya watu wake wa kwanza. Leo wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, na jirani yake ni Kalobeyei. Wengi ni wafanyakazi kama sisi: wanapakua malori, wanashona, wanafundisha shule, wanatibu wagonjwa kwa posho iliyo ndogo kuliko mshahara. Mtu wa namna hii akishikwa kwa kupigana, au kwa kusafiri bila kibali, mara nyingi huambiwa, "Kubali kosa, mambo yaishe upesi." Mambo hayaishi. Aliyekubali kosa hawezi kukata rufani juu ya hatia yake, ila juu ya adhabu tu. Kisha kosa lile hubaki katika daftari, na siku moja laweza kuwa sababu ya kumtoa nchini.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, usikubali shitaka usilolielewa, omba mkalimani. Pili, ukihukumiwa, omba nakala ya hukumu siku ile ile. Rufani ya jinai hupewa siku 14. Siku zikipita, Mahakama Kuu yaweza kukuruhusu, lakini ni lazima uwe na sababu nzuri ya kuchelewa. Tatu, ukiletewa amri ya kuondoka, dai sababu kwa maandishi, kisha uombe Mahakama Kuu iisimamishe amri mpaka kesi isikilizwe. Mahakama hiyo iko hapa Lodwar, kilomita kama 120 kutoka Kakuma. Nne, kama wewe ni mkimbizi, sema hivyo mbele ya hakimu na uonyeshe karatasi zako. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na mapatano ya mataifa ya 1951 na ya Afrika ya 1969, yanakataza mtu kurudishwa mahali atakapodhulumiwa. Tano, usiseme huna fedha za wakili ukakata tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi pamoja na raia.

Hatutaki kumdanganya mtu. Si kila rufani hushinda. Sheria inaruhusu mtu afukuzwe kwa ajili ya usalama wa nchi, na kosa kubwa lina uzito wake. Wala hatusemi mwizi asihukumiwe. Aliyeibiwa naye ni mfanyakazi. Tunasema tu kwamba kosa lipimwe kwa ukubwa wake, na mtu atazamwe alivyo leo: miaka aliyoishi hapa, kazi yake, watoto wake, na hatari inayomngoja huko anakopelekwa. Kazi hiyo ni ya jaji, na jaji hawezi kuifanya kama hakuna aliyempelekea kesi.

Hapo ndipo umoja una kazi. Siku 14 ni chache kwa mtu aliye peke yake. Hana nauli ya kufika Lodwar, na pengine hawezi kusoma karatasi aliyopewa. Basi kila tawi lichague watu wawili wa kushika karatasi za wenzao na kuhesabu siku, na litenge nauli katika sanduku lake. Mwenzetu akiitwa mahakamani, twende naye, tukae kimya, tusikilize mpaka mwisho. Jaji aone kwamba mtu huyu ana watu.