Kabla ya Kujenga Gereza Jipya

Mwaka 2007, wataalamu waliionya Texas, Marekani, kuwa ifikapo 2012 jimbo hilo lingehitaji nafasi mpya 17,000 za wafungwa. Watunga sheria wa jimbo hilo, Jerry Madden wa chama cha Republican na John Whitmire wa chama cha Democratic, waliongoza njia nyingine: dola milioni 241 zikaelekezwa kwenye tiba ya uraibu na adhabu za nje ya gereza. Anayetumikia kifungo cha nje huripoti kwa ofisa wake, hupimwa mkojo, hufanya kazi na kulea wanawe. Mwaka 2011, gereza la Central, Sugar Land, likafungwa. Texas bado ina wafungwa zaidi ya laki moja, kazi haijaisha. Watunga sheria, someni takwimu kabla ya kuchimba msingi.