Raia Wapya wa Katumba na Kilomita Nne za Nyarugusu

Habari za wakimbizi tumezoea kuzisikia siku wanapovuka mpaka, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mimi leo nataka kuuliza nini hufuata baada ya hapo, watu hao wanapokaa miaka kumi, ishirini, hamsini. Jibu tunalo hapa hapa Tanzania, tena majibu mawili yanayopingana.

Tuanze na Warundi wa mwaka 1972. Walikimbia mauaji kwao, wakaingia magharibi mwa nchi yetu kwa makumi ya maelfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaacha kwenye mahema kusubiri mgawo. Iliwapeleka porini: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo, huko ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Lilikuwa pori la miombo kweli kweli, lenye mbung'o na wanyama wakali. Kila kaya ilipewa kama hekta 5 za ardhi. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliona halina tena sababu ya kuwalisha. Tangu hapo ndio waliokuwa wakiwauzia wengine chakula.

Lakini shamba halikutosha. Mkimbizi wa Mishamo aliyetaka kwenda Mpanda mjini alihitaji kibali, na bila kibali alikuwa mkosaji. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na watu wa Mishamo, akawalinganisha na Warundi wenzao waliokuwa wamejichanganya mjini Kigoma. Alichokikuta kingepaswa kusomwa na kila ofisa wa uhamiaji. Kule Mishamo, walikotengwa, watu walizungumza mno juu ya 1972 na juu ya kurudi, wakajiona taifa lililo uhamishoni. Wa Kigoma mjini walifanya biashara, walioa na kuolewa na wenyeji, na wengi hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Kirundi na Kiha vinasikilizana, kwa hiyo ukikutana na mtu sokoni usingejua katoka wapi. Na nadhani usingejali.

Ukitaka mgeni abaki mgeni, basi, mtenge. Ukitaka awe jirani, mwache apite barabarani.

Serikali ilikuja kulielewa hilo, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2007 Warundi hao wa 1972 waliulizwa kama wanataka kurudi kwao au kuomba uraia. Walikuwa kama 218,000, wengi wao wamezaliwa hapa hapa. Wanne kati ya watano wakachagua kubaki, na kufikia mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo lilikuwapo sharti: wahame makazi yao, watawanywe katika mikoa mbalimbali, ndipo wapewe vyeti.

Hofu ya serikali ilikuwa na mantiki yake. Haikutaka visiwa vya Warundi ndani ya Tanzania, na mikoa ya magharibi ilikuwa imeona machungu ya vita vya majirani. Lakini ilikuwa ikimwambia mkulima aliyefyeka pori kwa mikono yake, akazika wazazi wake pale, kwamba ili awe Mtanzania sharti kwanza aondoke Tanzania anayoijua. Na huko alikotakiwa kwenda, nani alikuwa amemtengea shamba? Watu wakakaa miaka minne njia panda. Uraia wa Burundi walikuwa wameukana, na cheti cha Tanzania hawana mkononi. Wengine wakaogopa kujenga au kupanda miti ya kudumu, maana hawakujua watavuna wakiwa wapi. Mwishowe sharti likalegezwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kuwagawia vyeti. Mwaka uliofuata walipiga kura.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia Wanyarwanda kama 36,000, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen ya UNHCR kwa kuwahudumia wakimbizi. Kwa haya tunatamba, na tuna haki ya kutamba.

Sasa tugeuke tutazame Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wapo waliozaliwa pale ambao leo wana watoto wao. Hawa hawakupewa hekta 5. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakae eneo walilopangiwa, na wamekuwa wakizuiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Ile methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunaikariri kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, halafu tarehe 21 tunamkamata mgeni yule yule akiwa na jembe shambani kwa mtu.

Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, na masoko ya pamoja kambini yakaanza kufungwa. Aliyeumia si mkimbizi peke yake. Mama wa Kiha aliyekuwa akipeleka muhogo na mawese pale alipoteza wateja wake siku ile ile soko lilipofungwa.

Najua wenyeji wa Kigoma wana malalamiko, na si ya kubeza: misitu imekwisha kwa kuni, na ujambazi uliwahi kuwasumbua. Lakini mtu asiyeruhusiwa kulima wala kuuza atapikia nini isipokuwa kuni za karibu, na atakula nini mgawo ukipunguzwa?

Kwa hiyo ombi langu kwa Bunge na kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ni moja. Uraia unaweza kuchukua muda wake. Ondoeni kwanza kilomita nne, na fungueni masoko.