Maagizo Yanayoeleweka na Wakalimani Wote

Leo tutajifunza namna ya kuiandikia kompyuta maagizo.

Sokoni Babati husikika Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kimbugwe. Tangazo likiandikwa Kigorowa, Mrangi hapati kitu. Likiandikwa Kiswahili, wote huelewa.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Ndani yake yumo mkalimani, ambaye husoma amri zetu mstari kwa mstari na kuzitimiza. Wakalimani ni wengi: yuko Bash, yuko dash, yuko zsh. Kila mmoja ana maneno ya kwao.

Sasa sikilizeni hatari yake. Tuseme karani wa chama cha akiba na mikopo ameandika hati ya amri tatu. Ya kwanza yamwita mkalimani kwa jina la sh. Ya pili yasema: siku ikiwa == Ijumaa, nakili daftari la hesabu. Ya tatu: futa nakala zilizopita siku saba. Katika kompyuta yake, anayeitikia jina la sh ni Bash. Kazi inakwenda vizuri.

Kisha hati inahamishiwa kompyuta ya Ubuntu. Huko, tangu mwaka 2006, anayeitikia jina la sh ni dash. Naye hajui alama == katika jaribio la namna hii. Hulalamika, hanakili, halafu huendelea na amri ya tatu! Wiki mbili hazipiti, chama hakina nakala hata moja.

Dawa ipo. Kiswahili kilipata kamati ya kukisanifisha mwaka 1930. Wakalimani hawa nao walipata kanuni yao, POSIX, mwaka 1992. Kwa kanuni hiyo twaandika alama moja tu. Mwalimu, andika ubaoni:

[ "$siku" = Ijumaa ]

Bash ataielewa, na dash ataielewa.

Basi shikeni mambo matatu. Ukimwita sh, tumia maneno ya kanuni tu. Ukitaka maneno ya Bash, mwite Bash kwa jina lake. Tena, usifute nakala ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba mpya ipo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini hati ile ilifaa kompyuta moja, ikaharibu kazi katika nyingine?
2. Karani angeijaribu wapi kwanza kabla ya kuitegemea?

Kwaherini mpaka somo lijalo.